Nyumba Mombasa ukiwa Mtanzania: uliza miaka iliyobaki

Dada yangu, umeuliza kama ununue ile nyumba ya Nyali nawe unaishi Tanga, na muuzaji anakuahidi itakuwa yako milele. Hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema asiye raia atamiliki ardhi kwa kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hati ikiandikwa muda mrefu zaidi ya huo, itahesabiwa kuwa ya miaka 99. Basi mwulize imebaki mingapi. Ikiwa ni 30, bei nayo ishuke.

Kabla ya kutoa hata senti, tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji, aende kwa msajili wa ardhi akaangalie kama kuna rehani au zuio, kisha kwa serikali ya kaunti akaulize madeni ya nyumba hiyo.

Mimi kilichonitesa ni umbali. Niliyemwachia funguo alipangisha nyumba yangu miezi minane huku akiniambia iko tupu, na chumvi ya bahari ikila mabati na nondo za madirisha. Nilijua siku niliyoteremka basi bila kumwarifu mtu. Kama una ndugu Mombasa, waombe wapite pale kila mwezi.