Barua kwa mwanangu: mashine imezimwa, kazi bado

Bukavu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini umemaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi Kigali, umerudi Goma, halafu unaharisha na kuchoka kuliko siku zile ulizokuwa unalala chini ya mashine. Tena unauliza, kwa kuzunguka sana, baba watoto atakukaribia lini. Hilo la pili lingekuwa la shangazi yako, lakini shangazi hakusomea uuguzi, na hapa nataka uambiwe sawasawa.

Mionzi haiui seli papo hapo. Inaiharibu kiini, na seli inakufa baadaye, pale inapojaribu kugawanyika. Kwa hiyo kazi inaendelea wiki kadhaa mashine ikiwa imezimwa. Na mlango wa kizazi hauko peke yake mle nyongani: mbele kuna kibofu, nyuma na juu kuna utumbo. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, ndiyo maana unaumia haraka kuliko viungo vingine. Karatasi yako inasema grei 45 za mionzi kwa vipindi 25, na sisplatini, ile dawa ya saratani, kila wiki, na mionzi ya ndani, ile ya chanzo kinachoingizwa ukeni, mwishoni. Yote hayo yamejilimbikiza. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya kumaliza ndizo huwa ngumu zaidi. Kuanzia ya tatu au ya nne kuharisha hupungua kwa wengi. Uchovu unachukua miezi. Si dalili kwamba tiba imeshindwa.

Yule jirani anayekataza watoto wasikupandie mapajani, mwambie hakuna mionzi iliyobaki mwilini mwako. Hata ile ya ndani, chanzo chake kilirudi kwenye mashine kabla hujatoka chumbani. Walale nawe wakitaka.

Sasa tumbo. Kwa muda huu weka kando maharagwe, kabichi, pilipili, vyakula vya kukaanga, na sombe, yale majani ya muhogo. Najua utabisha kuhusu sombe kwa sababu imetwangwa ikalainika, lakini nyuzi zake ziko palepale. Maziwa nayo yasubiri: utumbo uliojeruhiwa unashindwa kwa muda kusaga sukari yake, na hapo unaharisha kwa sababu nyingine juu ya ile ya kwanza. Kula wali mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu, yai la kuchemsha, samaki wa kuchemsha, bugali laini. Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Kila ukitoka chooni kunywa glasi moja ya maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa sawa na ukingo, bila mlima. Onja kwanza, yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, changanya upya. Yakilala usiku kucha, mwaga pia.

Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, ya miligramu 2: vidonge 2 kwa kuanza, kisha 1 kila baada ya choo cha maji, usizidi 8 kwa siku. Ukiona damu au ukiwa na homa, usimeze, nenda hospitali. Na usisahau uko Goma, mji unaojua kipindupindu. Kuharisha kwa mionzi huja kidogo kidogo, mara nyingi, na kamasi na haja inayobana ghafla. Choo kinachomiminika kama maji ya mchele, na macho yakaanza kuzama, hicho si cha mionzi: kituo cha kipindupindu saa hiyohiyo.

Kwa maumivu meza paracetamol. Diklofenaki na ibuprofeni, zile wanazouza kila kona, usizimeze bila daktari wako, kwa maana sisplatini imeshazichosha figo.

Ngozi ya kinenani osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, vaa chupi ya pamba. Poda hapana. Maji ya njano au ya pinki yatatoka ukeni kwa wiki kadhaa; tumia pedi, usiingize kitu cha kuzuia. Yakinuka vibaya na ukapata homa, nenda ukapimwe.

Uchovu wa namna hii hauishi kwa kulala mchana kutwa. Lala nusu saa mchana, kisha tembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni, uongeze kila wiki. Tembea mahali pa tambarare. Juu ya yale mawe ya volkano hata mzima anaumia, na motari wa pikipiki akuendeshe polepole. Bidoni la maji la lita 20 libebwe na mwingine. Ukichoka hata kwa kupanda ngazi chache, omba wapime damu: sisplatini na mionzi ya nyonga hupunguza damu, na hilo halitibiwi kwa mapumziko.

Na baba watoto? Subiri daktari akuangalie, wiki ya nne hadi ya sita. Akiona pamepona, anzeni. Msingoje miezi, kwa sababu kuta za uke zilizopigwa mionzi hushikana na kukaza zikiponea pamoja, na zikishashikana kufungua ni kazi. Hata asipokuwepo, hata usipotamani, tumia kipanuzi, kifaa cha kupanua uke, mara mbili au tatu kwa wiki, dakika tano hadi kumi, chenye jeli ya maji. Kama hukupewa, kidole safi chenye kucha fupi. Endelea mwaka mmoja au miwili, kwa sababu makovu hukaza polepole. Hii ni muhimu pia kwa daktari: uke ukijifunga, hawezi kukupima. Damu kidogo baada ya tendo mwanzoni inaweza kutokea. Ikiwa nyingi, au inarudi kila mara, aambiwe. Dawa za kukausha, mvuke wa majani, kuoshwa ndani: usikubali kutoka kwa mtu yeyote, hata awe mama mkwe.

Hedhi haitarudi, na kizazi hakitabeba mimba tena. Joto la ghafla usiku limetokana na ovari kusimama. Muulize daktari habari ya homoni. Kizazi chako bado kipo, kwa hiyo estrojeni isitolewe peke yake, lazima iandamane na projestojeni. Mifupa nayo inahitaji kalisi. Tumbo likitulia, rudia sambaza zako, wale samaki wadogo wa ziwani, ule na mifupa yake.

Picha ya kupima mafanikio hufanywa karibu miezi mitatu baada ya kumaliza. Kabla ya hapo uvimbe bado unanywea na nyama ina wekundu, picha inadanganya. Baadaye utaonwa kila miezi mitatu hivi kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Damu kwenye choo au mkojo inaweza kuja hata mwaka mmoja au zaidi baadaye kwa sababu ya mionzi yenyewe. Ipimwe, lakini mtu asikate kipande cha ukuta wa utumbo kabla ya kusoma karatasi yako ya tiba, maana jeraha pale haliponi vizuri, linaweza kutoboka. Mguu mmoja ukivimba ghafla, au mkojo au choo kikipitia ukeni, usingoje tarehe ya miadi.

Karatasi hiyo toa nakala tatu: moja yako, moja ya hospitali ya Goma, moja uniletee mimi. Nakutumia jeli, pedi na loperamidi kwa boti ya Alhamisi. Mtu aende bandarini mapema.

Mama yako