Maswali ya Wasomaji: Kushusha Nyuma ya Pikipiki ya Safari Ndefu

SWALI: Pikipiki yangu ya safari ina uzito wa kilo 260 hivi, na nyuma ina shokapu moja yenye linki (vyuma vidogo vinavyounganisha shokapu na mkono unaoshika gurudumu la nyuma). Mimi ni mfupi; nikisimama nagusa chini kwa ncha za vidole tu, na nikishafunga mabegi naogopa kuiangusha. Nimeona linki ndefu zinazouzwa kuwa zinashusha mm 30. Nikifunga hizo peke yake zitatosha?

JIBU: Hazitatosha, ingawa kuzifunga zenyewe ni kazi ya saa moja au mbili. Ukigusa nyuma umegusa na usukani, stendi, taa na cheni.

Kabla hujatoa hela, pima pikipiki inazama kiasi gani ukiikalia. Isimamishe kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa linaning'inia, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka wima juu yake kwenye mkia. Ishushe, panda ukiwa umevaa nguo zako zote za safari, miguu yote juu ya vikanyagio, mtu mmoja akikushikia na mwingine akipima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili kwa pikipiki za barabarani iwe kati ya mm 30 na 40. Ukipata 20, springi imekazwa kupita kiasi kwa uzito wako. Ilegeze utapata mm 10 hadi 15 bila kununua kitu. Ukipata 45, usiilegeze tena. Wapo wanaolegeza springi hadi mwisho ili tu miguu ifike chini, halafu wanashangaa shokapu inagonga kila shimo. Kushusha kwa njia hiyo ni kula nafasi ya shokapu kufanya kazi.

Angalia na siti. Mara nyingi kinachozuia miguu kufika chini ni upana wa siti pale mapaja yanapopita. Kuchonga pembe mbili za mbele za povu na kupunguza mm 20 za unene kunaweza kukupa nusu ya unachotafuta, na pikipiki inabaki na tabia yake ileile.

Ikiwa bado unazitaka linki, nunua za modeli na mwaka wa pikipiki yako. Kwa pikipiki nyingi linki ndefu ndiyo inayoshusha, ila zipo ambazo mpangilio wake umegeuzwa na ni fupi inayoshusha. Tofauti ndogo huzaa kubwa: kila mm 1 ya linki kwa kawaida hushusha gurudumu mm 2 hadi 3. Ndiyo sababu tunawakataza watu kujitobolea vyuma vyao wenyewe.

Wakati wa kufunga, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati na uifunge kamba mbele isiteleze. Weka jeki au mbao chini ya tairi la nyuma na uinue kidogo kidogo mpaka bolti za linki zizunguke kwa mkono. Bolti ikitoka kwa kugongwa na nyundo, jua bado imebeba uzito. Ukishatoa linki, safisha beringi za sindano na uzijaze grisi mpya, maana ni nadra sana kufikiwa tena. Funga nati mpya za kujikaza, na ukaze kwa spana ya toko (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Hatari kubwa iko mahali ambapo macho hayafiki. Linki hazipunguzi mwendo wa shokapu. Zinausogeza wote juu. Kwa hiyo shokapu ikibonyea hadi mwisho, tairi linapanda ndani ya madigadi zaidi ya lilivyokuwa likipanda. Ukiwa peke yako huenda usilione tatizo hilo kamwe, lakini ukiwa na abiria na mabegi, tuta moja tu linatosha kusaga madigadi au kukata waya wa taa ya nyuma. Kulipima, fundi mwenye kibanio cha springi aitoe springi (usijaribu bila kibanio, springi iliyobanwa huvunja mifupa), arudishe shokapu tupu, kisha ainue gurudumu kwa jeki mpaka mpira wa mwisho wa shokapu ubonyee. Kati ya tairi na chochote kilicho juu yake tusingekubali chini ya mm 10.

Anayebeba mzigo kila mara afikirie njia nyingine: shokapu ifunguliwe na kuwekewa bushi ndani inayoizuia kunyooka hadi mwisho. Hapo tairi halipandi juu kuliko zamani, bali unapoteza sehemu ya mwendo wa shokapu. Ni kazi ya karakana yenye mtambo wa kujazia gesi ya naitrojeni.

Na mbele je? Ukishusha nyuma mm 30 kwenye pikipiki ambayo ekseli zake zimeachana mm 1,500, yote imelala nyuma kwa zaidi kidogo ya digrii 1, na usukani unakuwa mzito kuingia kwenye kona. Ukitoka, pikipiki inakimbilia nje. Dawa ni kulegeza vibanio vya shokapu za mbele na kupandisha mirija yake mm 10, uendeshe, kisha uongeze kidogo ikihitajika. Pande zote mbili ziwe sawasawa, na hakikisha madigadi ya mbele hayatafikia rejeta breki zikishikwa kwa nguvu. Kwenye BMW zenye Telelever (mfumo wa mbele ambao springi na shokapu ni moja, nje ya mirija) mbinu hii haipo: mbele kunashushwa kwa kubadilisha shokapu yenyewe.

SWALI: Nimeshusha pikipiki, sasa kwa stendi ya pembeni inasimama wima na upepo umeshaiangusha mara moja. Nikate kiasi gani?

JIBU: Weka mbao za unene sawa chini ya matairi yote mawili, uziongeze mpaka pikipiki iegemee kama zamani. Unene wa mbao ndio kipimo chako. Ongeza mm 1 au 2 kwa sababu stendi imelala. Itoe kabisa kwenye pikipiki kabla ya kuchomelea, la sivyo umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya injini. Kata sehemu iliyonyooka katikati, ingiza kipande cha chuma ndani, na nyayo irudi kwa pembe yake ileile. Stendi ya alumini usiipeleke kwa mchomeleaji wa kawaida, nunua fupi.

Stendi ya kati nayo itakuwa nzito kuinua. Panda kwanza na tairi la nyuma juu ya ubao wa mm 20.

SWALI: Yangu ina shokapu mbili nyuma. Vipi vile vyuma vya kusogeza bolti ya chini?

JIBU: Hatuvipendi. Vinailaza shokapu, springi inakuwa kama imelainika, na bolti inabeba mzigo kwa pembe ambayo haikutengenezewa. Nunua shokapu fupi zenye springi ya uzito wako. Fupi kwa mm 25 itashusha ekseli kiasi hicho au zaidi kidogo. Zikague mara mbili upande wa ekzosi na mabegi.

SWALI: Baada ya kushusha, wanaokuja mbele yangu usiku wananimulikia. Kwa nini?

JIBU: Taa yako imeinuka. Irekebishe ukiwa umekaa, na mzigo wa kawaida ukiwa umefungwa. Cheni nayo ikague: uhuru wake upimwe pale meno ya mbele, mhimili wa mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo inapokaza kuliko popote.