Maswali ya Wasomaji: Jenereta Ndogo na Mzigo wa Umeme Nyumbani

SWALI: Asalaam aleikum. Stima inapopotea, sisi hutumia jenereta ya petroli iliyoandikwa ubavuni wati 2,500, na kwa maandishi madogo wati 2,200. Nimejumlisha vyombo vyangu: pampu ya maji ya nusu hospawa wati 600, friji 150, feni mbili 120, runinga 80 na taa za LED 54. Jumla ni wati 1,004, ambazo hazifiki hata nusu ya uwezo wake. Mbona pampu ikiwashwa tu jenereta huguna, taa hufifia, kisha kila kitu huzimika?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Hesabu yako ni sahihi, ila ni ya vyombo ambavyo vimekwisha kushika mwendo. Mota ya pampu, kama ilivyo kompresa ya friji, huvuta umeme mwingi sana wakati wa kuanza kuzunguka, na kwa muda huo mfupi huweza kudai mara tatu hadi sita ya kiwango chake cha kawaida. Pampu yako basi huomba wati 1,800 kwa uchache. Ongeza wati 404 za vyombo vinavyoendelea, nawe umeshapita 2,200. Friji nayo ikiamka wakati huohuo, hata zile 2,500 hazitoshi.

Hizo 2,500 ni upeo ambao jenereta huuhimili kwa muda mchache tu, na 2,200 ndicho kiwango cha kazi ya mfululizo. (Wauzaji wangetenda insafu kama wangeyageuza maandishi hayo, madogo yakawa makubwa.) Mimi ningekushauri usizidishe asilimia 80 ya hiyo namba ndogo, yaani takriban wati 1,760, ili ibaki nafasi ya mota kuanza.

Huna haja ya kununua jenereta kubwa zaidi. Badilisha utaratibu wa kuwasha. Washa jenereta bila mzigo wowote, iache ipate moto, kisha anza na pampu peke yake. Ikishatulia, washa taa na feni, na friji iwe ya mwisho. Tangi likijaa, zima pampu. Friji iliyofungwa vizuri hudumisha ubaridi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo haidhuru ikisubiri. Lakini ukiizima, ipe angalau dakika tano kabla ya kuiwasha tena, kwani kompresa haipendi kuanza ikiwa bado ina mgandamizo. Pasi ya wati 1,200 unaweza kuitumia kunyoosha kanzu za Ijumaa mradi pampu na friji ziwe zimezimwa. Shawa ya umeme, ambayo aghalabu huvuta zaidi ya wati 3,500, haifai kwa jenereta hii hata ikiwa peke yake.

Wala usifikiri kwamba maadamu jenereta haijazima hakuna madhara. Injini inapoelemewa mwendo wake hupungua, volti hushuka chini ya zile 240 tulizozoea, na mota za pampu na friji huanza kupata joto hadi waya wa ndani ukaungua.

SWALI: Fundi mmoja amenitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja uingie kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya sebuleni, ili nyumba nzima ipate umeme. Anasema nikizima swichi kuu hakuna hatari.
Msomaji, Likoni

JIBU: Waya huo ukatwe leo. Plagi yake ikichomoka, vyuma vyake vinakuwa na volti 240 mkononi mwa yeyote anayeishika. Usiku mmoja mtu akisahau swichi kuu, umeme wako utatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, ambayo itaupandisha kufikia maelfu ya volti katika nyaya ambazo mfanyakazi aliye juu ya mlingoti anaamini zimekufa. Stima ya mtaani nayo ikirudi ghafla, jenereta huweza kuungua. Usalama haustahili kutegemea kumbukumbu ya mtu gizani. Mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, akufungie swichi ya kubadilishia umeme, ile ambayo haiwezi kuunganisha jenereta na stima ya mtaani kwa wakati mmoja.

SWALI: Nyumba yetu ya Mji wa Kale haina uwanja. Je, jenereta yaweza kukaa katika ua wa ndani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haiwezi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini, na ua uliozungukwa na kuta huikusanya kama chumba. Jenereta hutakiwa kukaa nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, yakiwemo ya jirani. Katika vichochoro vyenu umbali huo haupatikani, kwa hiyo nunueni betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike upesi, yatosha kuendesha feni moja na taa tatu za LED kwa saa tano au sita.