H-index ya mtafiti wa kongosho: mbona namba hazilingani?
Umeuliza kwa nini mtafiti yuleyule ana h-index kubwa Google Scholar kuliko Scopus, hifadhidata mbili za machapisho ya kitaaluma. H-index ya 20 maana yake ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Google Scholar hunasa hata tasnifu na makala ambazo hazijapitiwa na wataalamu. Scopus huhesabu majarida, vitabu na vyanzo vingine ilivyovichuja tu. Kagua jina pia: mwenye jina la kawaida hubebeshwa makala za mtafiti mwingine, wa figo, kwa hiyo linganisha na ORCID yake, ile namba ya utambulisho wa mtafiti ya tarakimu 16. Na jumla ya manukuu isikubabaishe. Uainishaji wa Atlanta wa uvimbe wa ghafla wa kongosho, toleo la 2012, umenukuliwa maelfu ya mara, lakini kwenye h-index unahesabiwa makala moja basi. Kupima kazi yake, ningeanza na makala alizotajwa mwandishi wa kwanza au wa mwisho.