Kigong'ota mkubwa anayekikataa kijikapu cha mafuta

Ndugu, umeuliza kwa nini kigong'ota mwenye kishungi chekundu hapo kwako Ohio anatua mtini vizuri, lakini kwenye kijikapu cha mafuta, kile cha waya cha kulishia ndege, anayumba na kuondoka. Hana pa kuegemeza mkia. Ni ndege wa sentimita 40 hadi 49, na mkia wake mgumu ndio mguu wa tatu. Kijikapu cha kuning'inia kinambembeza tu.

Chukua ubao usiopakwa rangi, urefu sentimita 75, upana 18. Funga kijikapu kwa skrubu karibu na ncha ya juu, chini zibaki angalau sentimita 50 tupu, kisha zikwaruze kwa msumeno, mikwaruzo ya kukingama, apate pa kung'ang'ania. Ubao ubane kwenye shina, usitikisike hata kidogo.

Weka mafuta ya figo za ng'ombe yasiyo na chumvi. Ya bekoni hapana kabisa! Joto likipita nyuzi 30 za Selsiasi yaondoe: hulainika, huoza, na yakimpaka ndege, manyoya yake hayazuii maji tena.

Na tafadhali, mti mkavu ulio mbali na nyumba usiukate. Sisimizi wanaotoboa mbao humo ndio chakula chake kikuu.