Diski mpya haionekani? Haionekani wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua diski ya TB 4 nikaifunga kwenye kompyuta yangu ya mezani inayotumia Ubuntu. Nikiigusa nasikia inazunguka, ila nikifungua mafaili haipo kabisa. Fundi wa mtaani kwetu anasema Linux haielewani na diski kubwa, niweke Windows. Rafiki yangu naye kanitumia amri ya kuifomati: `sudo mkfs.ext4 /dev/sda`. Nikiandika `lsblk` (amri ya kuorodhesha diski) napata sda ya 223.6G yenye sda1 na sda2, halafu sdb ya 3.6T ambayo chini yake hakuna kitu. Niirudishe dukani? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Umefanya la maana kuuliza kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu hiyo sda uliyoandikiwa na rafiki yako ndiyo diski yenye Ubuntu yako na kila ulichohifadhi humo. `mkfs` ina haya kidogo, ikikuta diski inatumika hukataa kuigusa. Lakini ukiwa umewasha kompyuta kwa flashi haya hiyo inaisha, na wapo wanaokuandikia na `-F` kabisa ili isikuulize chochote. Na akikuletea `dd`, amri ya kunakili data moja kwa moja juu ya diski, hiyo haina haya tangu izaliwe.

Diski yako ni nzima, na Linux inaiona. Umeniandikia mwenyewe: sdb, 3.6T. Wala hujapunjwa hizo 0.4, kwani mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu na `lsblk` inahesabu kwa 1,024.

Neno hili "haionekani" naletewa karibu kila wiki, na kila mara nauliza: haionekani wapi? Isipoonekana kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) ni habari moja, isipoonekana kwenye `lsblk` ni nyingine, na isipoonekana kwenye dirisha la mafaili mara nyingi si ugonjwa hata kidogo. Diski mpya kutoka kiwandani ni kiwanja kisichopimwa. Kipo, ila hakina mipaka wala namba, na dirisha la mafaili linaonyesha nyumba, halionyeshi pori.

Hapo ndipo huyo fundi wa mtaani anaponiudhi. Windows nayo, ukiifungia diski tupu, haikuonyeshi kitu kwenye This PC mpaka uende Disk Management ukaiandae. Anajua, maana hiyo kazi anaifanya kila siku. Hadithi ya "diski kubwa" nayo ina chanzo chake: jedwali la patisheni (vipande vya diski) la MBR, lililokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, kwa diski za kawaida haliwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 na kidogo. Ukomo huo ni wa jedwali, na Windows unaikuta vilevile. Dawa yake ni GPT, jedwali jipya zaidi, na wewe utatumia hiyo.

Kwanza hakikisha unashika diski sahihi. Andika `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` ulinganishe namba na karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Usiamini herufi. Sdb ya leo inaweza kuwa sda kesho ukihamisha waya au ukichomeka flashi kabla ya kuwasha. Ukisharidhika (na saa zake pia, nitazieleza chini):

`sudo parted /dev/sdb mklabel gpt`
`sudo parted -a optimal /dev/sdb mkpart data ext4 0% 100%`
`sudo mkfs.ext4 -m 1 -L data /dev/sdb1`

Hiyo `-m 1` usiiache. Kwa kawaida ext4 humwekea root (msimamizi mkuu wa mfumo) akiba ya asilimia 5, na kwenye diski yako hiyo ni karibu GB 200 zinazokaa bure. Kama teminali inakutisha, programu ya Disks iliyomo ndani ya Ubuntu inafanya yote haya kwa kubofya, na si aibu.

Kisha tengeneza folda `/mnt/data`, chukua UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) kwa `sudo blkid /dev/sdb1`, uiandike kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka) hivi:

`UUID=namba-yako /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2`

Bila `nofail`, siku diski ikichomolewa kompyuta itasubiri sekunde 90 halafu ikutupe kwenye skrini ya dharura, nawe utarudi kuniambia Linux imekufa. Maliza kwa `sudo mount -a`, na baada yake, si kabla, `sudo chown $USER: /mnt/data`, la sivyo utaiona diski lakini hutaweza kuandika ndani.

Sasa wale ambao `lsblk` yao haionyeshi diski kabisa, msifuate hayo ya juu. Ingieni BIOS kwanza. Kama nako haipo, Linux haina kosa: badilisha waya wa data, badilisha tundu. Mazabodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA ukishachomeka SSD ya M.2, na kitabu chake kinasema ni yapi, ila nani anasoma kitabu. Diski zilizotolewa kwenye seva huweza kukataa kuzunguka kwa sababu pini ya 3 ya umeme kwao ni swichi ya kuzimia. Pawa saplai ikipeleka volti 3.3 hapo, diski inatulia kama jiwe. Na tafadhali, usiazime waya wa pawa saplai nyingine ati kwa kuwa plagi inaingia. Upande wa diski plagi ni moja, upande wa pawa saplai kila mtu kapanga pini anavyotaka. Nimeshapokea diski mbili za mteja mmoja zilizounguzwa hivyo siku moja.

Ikionekana kwenye BIOS lakini Linux haioni, soma `sudo dmesg`, yaani kumbukumbu za keneli, kiini cha Linux. Kuna laptop niliwahi kuletewa ikiwa imeshabadilishiwa SSD mara tatu, mara tatu! Mwenyewe kalipa zote. Keneli ilikuwa imeandika wazi kwamba kuna kifaa cha NVMe (aina ya SSD) kilichofichwa, badili BIOS kutoka RAID kwenda AHCI, namna mbili za kuongoza diski. Dakika mbili, diski ikatokea. (Kama humo mna Windows pia, iandae kwanza iwake kwa Safe Mode na uwe na ufunguo wa BitLocker (kifungo cha siri cha Windows) mkononi, ndipo ubadilishe.)

Wauzaji nao wana lao. Diski "mpya" ipime kabla hujaiandikia chochote: `sudo smartctl -a /dev/sdb`, uangalie Power_On_Hours. Mwaka mmoja una saa 8,760. Ukikuta 20,000, umeuziwa mstaafu. Sufuri nayo si kiapo. Mapema 2025 huko Ujerumani ziligundulika diski za Seagate zilizokwisha kutumika zikiuzwa kama mpya, saa zake kwenye SMART (rekodi ya afya ya diski inayosomwa na `smartctl`) zimerudishwa nyuma. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo kwa diski za kampuni hiyo unaisoma kwa `sudo smartctl -l farm /dev/sdb`, ukiwa na smartmontools 7.4 au mpya zaidi.

Zile diski za nje za "TB 16" zenye ukubwa wa kiberiti na bei ya chakula cha mchana hazihitaji hata SMART. Ndani huwa mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea mafaili yako yote kwa upole, na ukija kuyafungua hayapo. Programu ya `f3` inaiumbua: `f3write` ijaze, `f3read` isome ulichoandika. Hii inachukua muda mrefu, na ndiyo maana hakuna muuzaji atakayekubali uifanye dukani kwake.

Kwa hiyo yako usiirudishe bado. Angalia saa zake leo, ukikuta ni za haki endelea na `parted`. Ukikuta maelfu, chapisha majibu ya `smartctl` uende nayo dukani pamoja na risiti, na diski ibaki tupu kama ulivyopewa, wasije wakasema umeiharibu wewe.