Chumba cha barafu Icehotel kimejaa, nifanyeje?

Ndugu, umesema tarehe zako zote za Icehotel, hoteli ya barafu na theluji kule Jukkasjärvi, Uswidi, zinaonyesha nafasi zimekwisha. Pengine unatafuta siku tatu mfululizo ndani ya barafu, na kusema kweli huzihitaji. Tafuta usiku mmoja tu wa baridi, katikati ya wiki. Zilizobaki chukua chumba cha joto hapohapo. Watu wakighairi nafasi huachiwa, kwa hiyo angalia kila siku.

Kabla ya kulipa, hakikisha benki imefungua kadi kwa malipo ya nje. Soma masharti ya kurudishiwa pesa, hasa kama viza bado.

Ndani ya chumba cha barafu ni nyuzi -5 hadi -8 za Selsiasi. Vaa sufu nyembamba, si pamba: pamba ikilowa jasho itakugandisha usiku kucha. Mwenye pumu amwone daktari kwanza.